Nywele Zinaponyonyoka, Tafuta Chanzo Kwanza

Leo tunajifunza habari za nywele. Huenda mtu akasema, "Nywele nazo ni somo? Si zinyolewe tu!" Ngojeni kidogo, jamani. Kichwa kinachonyonyoka nywele kina habari ya kutueleza. Pengine ni ugonjwa, pengine ni chakula kibaya, na pengine ni kazi ya mikono yetu wenyewe.

Siku moja tulitembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja. Mama mmoja alikaa nyuma na mtoto wake wa kiume wa miaka 7. Jua lilikuwa kali, lakini mtoto alivaa kofia ya sufi mpaka masikioni.

Tukamwuliza, "Mama, mtoto anasikia baridi?"

Akajibu, "Hapana, mwalimu. Anaona haya. Wenzake wanamcheka. Hii ni wiki ya tatu hataki kwenda shule."

Akamvua kofia. Tukaona madoa matatu ya mviringo yasiyo na nywele. Mawili yalikuwa na magamba meupe kama majivu. La tatu lilikuwa kidonda. Yule mama alikuwa ameuza kuku wawili akanunua dawa ya kupaka gulioni. Haikusaidia. Kisha jirani akamwambia ampake mtoto maji ya betri ya gari. Hapo ndipo mtoto alipoungua.

Mtoto huyu tutarudi kwake. Kwanza tuone nywele zinaota namna gani.

NYWELE HUOTA KAMA MAZAO

Kila unywele una mzizi wake ndani ya ngozi. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Unywele mmoja huota kwa miaka 2 hadi 6, kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi. Baadaye hupumzika kama miezi 3, kisha huanguka. Mwingine huota pale pale. Kwa hiyo ukiona nywele 50 hadi 100 zimeanguka kwa siku moja, usiogope. Hiyo ni kawaida.

Sisi wakulima tunajua jambo hili. Ukikata mgomba, shina likiwa hai utachipua tena. Shina likioza, hata umwagie maji mwaka mzima, hupati kitu. Nywele ni vivyo hivyo. Mzizi ukiwa hai, nywele zitarudi. Mzizi ukifa na ngozi ikifanya kovu, hazirudi tena. Ndiyo maana tunasema: wahi mapema.

MAPUNYE

Yule mtoto alikuwa na mapunye. Mapunye huletwa na ukungu, yaani vimelea vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Huwapata zaidi watoto. Huenea kwa kutumia pamoja kitana, kofia, kilemba, mto wa kulalia au mashine ya kunyolea. Ukungu mwingine hutoka kwa wanyama, kama paka, mbwa na ng'ombe.

Kwa nini dawa ya gulioni haikumponya? Kwa sababu ukungu huu huingia ndani ya unywele na mzizi wake. Dawa ya kupaka peke yake haifiki huko. Mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza. Dawa inayotumika sana ni vidonge vya griseofulvini. Mgonjwa humeza kwa majuma 6 hadi 8, tena baada ya chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au karanga, ili dawa iingie vizuri mwilini. Kiasi cha vidonge hutegemea uzito wa mtoto. Kwa hiyo usikisie, na usimpe mtoto dawa ya mwenzake. Mama mjamzito asimeze dawa hii.

Pengine mapunye huvimba, yakawa laini na kutoa usaha. Usitumbue wala usipasue. Mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo, maana uvimbe huo unaweza kuacha kovu.

MIKONO YETU WENYEWE

Sasa tuje kwa akina mama na mabinti. Katika darasa lile bibi mmoja alisema, "Wasichana wa siku hizi wanasukwa mpaka macho yanavutika! Usiku hawalali, wanatafuta vidonge vya maumivu."

Tulicheka wote, lakini bibi yule alisema kweli. Nywele zikivutwa kwa nguvu kila mara, mizizi huchoka. Dalili za kwanza ni maumivu na vipele vidogo penye mistari ya msuko. Kisha nywele za mbele ya kichwa na za pembeni, karibu na masikio, huanza kupungua. Ukiacha mapema, zitaota tena. Ukiendelea kwa miaka, mizizi hufa, na paji la uso linapanda juu moja kwa moja.

Fanyeni hivi:

1. Msuko ukiuma, mwambie msusi alegeze. Akikataa, fumua.

2. Usiongeze nywele za bandia nyingi na nzito.

3. Ukifumua, zipe nywele nafasi ya kupumzika kabla ya kusuka tena.

4. Dawa ya kulainisha nywele huunguza. Usiiweke penye kidonda, na usisuke nywele kwa kukaza baada ya kuiweka.

5. Msiwasuke watoto wadogo kwa kukaza. Mtoto akilia wakati wa kusukwa, si deko. Anaumia.

SABABU NYINGINE

Mama aliyejifungua anaweza kuona nywele zinadondoka nyingi kuanzia mwezi wa 2 hadi wa 4 baada ya uzazi. Asitishike. Mara nyingi hurudi zenyewe kabla mtoto hajamaliza mwaka. Hali kama hiyo humpata hata mtu aliyeugua homa kali miezi michache iliyopita.

Upungufu wa damu nao hupunguza nywele. Mtu huyo huchoka upesi na hupumua kwa shida akipanda mlima. Apimwe damu. Ale mboga za majani, maharage, dagaa, na nyama ikipatikana.

Mtoto mdogo ambaye nywele zake zimekuwa nyepesi, zimebadilika rangi na zinang'oka kwa urahisi, mtazame miguu. Ikiwa imevimba, huenda ana utapiamlo mkali. Huo ni ugonjwa wa kuua. Msingoje kesho.

Mtu mzima akinyonyoka vipande vipande, kama nguo iliyoliwa na mende, apimwe kaswende. Mwenzake wa nyumbani naye apimwe. Kaswende inatibika.

Kuna watu wanaopata doa la mviringo lililo laini kabisa, bila magamba wala kuwasha. Hapo kinga ya mwili imekosea njia na kupiga mizizi ya nywele. Si uchawi, wala haliambukizi. Wengi huota nywele tena, na hospitali wana dawa ya kusaidia.

Na wazee wetu wenye vipara? Hicho ni kipara cha ukoo. Hurithiwa kwa upande wa baba au wa mama. Si ugonjwa, na wala si dalili ya utajiri. Dawa zinazowasaidia baadhi ya watu zipo, lakini sharti zitumiwe mfululizo. Ukiacha, nywele zinaanguka tena.

Basi mtu akija gulioni na chupa, akakuambia, "Paka hii, wiki moja tu kichwa kitajaa nywele," mfanyie hesabu. Nywele huota sentimita 1 kwa mwezi. Kwa wiki moja zitaota kiasi gani? Hesabu hiyo peke yake inatosha kumjua mwongo. Rudi nyumbani na fedha zako.

MTOTO ALIPONA?

Yule mama alimpeleka mwanawe zahanati. Mganga alimpa vidonge, akaandika juu ya bahasha: "Mara 1 kwa siku, siku 42." Baada ya majuma mawili magamba yalipungua. Mama akafikiri, "Amepona. Vidonge vilivyobaki nitamwekea mdogo wake." Lakini akaichukua ile bahasha akaisoma tena. Siku 42! Akatafuta kalenda, akawa anatia alama kila jioni mtoto akishameza. Alitia alama zote 42.

Zaidi ya hayo, alimpeleka mdogo wake akapimwe. Alitenga kitana cha kila mtoto, akafua kofia na foronya, akaziloweka katika maji ya moto na kuzianika juani. Kinyozi naye aliombwa asafishe mashine yake kwa dawa kila amalizapo kichwa kimoja. Mtoto hakungoja apone kabisa ndipo arudi shule. Alirudi mara tu alipoanza dawa, kwa ushauri wa mganga.

Tulipopita tena baadaye, mtoto alikuwa akicheza mpira bila kofia. Madoa mawili yalikuwa yamejaa nywele. Pale palipomwagiwa maji ya betri pana kovu, na nywele hazijaota. Mama yake alituambia, "Ningeijua herufi mapema, na habari hizi ningezisoma mapema." Sisi tunamwambia kwamba ameziwahi siku 42, na watoto wake wawili wamenufaika.

TUKUMBUKE

Jua chanzo kabla ya kununua dawa. Usipake mafuta ya taa, petroli wala maji ya betri kichwani. Mapunye yanahitaji dawa ya kumeza, na dozi imalizwe. Msuko ukiuma, fumua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini dawa ya kupaka peke yake haiponyi mapunye ya kichwani?

2. Mtoto amepewa vidonge 2 kila siku kwa majuma 6. Atameza vidonge vingapi vyote?

3. Katika kijiji chenu, vinyozi na wasusi wanasafisha vifaa vyao namna gani? Mnaweza kukubaliana nini nao?

4. Chukua bahasha ya dawa iliyopo nyumbani. Msomee jirani yako maneno yaliyoandikwa juu yake.

Someni somo hili kwa sauti, pamoja na wale ambao hawajajua kusoma. Kwaherini mpaka somo lijalo.