Mashine ya Kufulia Yenye Mlango wa Mbele: Fizikia Yake na Namna ya Kuichagua

Kufua kwa mkono ni miongoni mwa kazi nzito kabisa za nyumbani, ijapokuwa ni mara chache huhesabiwa kuwa kazi. Nguo za pamba zenye uzito wa kilo 5 zikiwa kavu hutoka beseni zimebeba maji yanayozidi uzito huo, na maji hayo hayana budi kunyanyuliwa, kukamuliwa na kumwagwa mara mbili au tatu kabla ya nguo kufika kambani. Katika nyumba nyingi wafanyao kazi hiyo ni akina mama na wasichana, na wasichana hao aghalabu wana vitabu vinavyowangoja. Si ajabu, basi, kwamba mashine ya kufulia ni chombo kinachotamaniwa sana mijini. Lakini bei yake ni kubwa mno kwa mtu wa mshahara wa kawaida, na ikifa katika mwaka wa pili familia hurudi kwenye beseni huku akiba imekwisha. Anayeielewa fizikia ya mashine hii hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, na fizikia yenyewe yote imo katika masomo ya sekondari.

Ngoma na mizunguko yake

Mashine yenye mlango wa mbele ina mapipa mawili, moja ndani ya jingine. Pipa la nje hushika maji wala halizunguki. La ndani, ambalo hapa litaitwa ngoma, lina matundu mengi na huzunguka katika mhimili uliolala. Maji hujaa sehemu ya chini tu. Nguo hupandishwa na ngoma hadi karibu na kilele, kisha huanguka na kujipiga majini, kama vile dobi apigavyo nguo juu ya jiwe. Hii ndiyo sababu mashine ya namna hii hutumia maji machache kuliko ile yenye mlango wa juu, ambayo kwa kawaida sharti izamishe nguo zote.

Je, ngoma izunguke kwa kasi gani? Nguo iliyo kileleni hubakia imeshikamana na ukuta wa ngoma iwapo mchapuko wa kuelekea kitovu, yaani ω²r, ni sawa na mchapuko wa graviti au umeuzidi. Ngoma ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 48 hivi, basi r ni mita 0.24. Tukiweka ω²r = 9.8, tunapata ω = radiani 6.4 kwa sekunde, ambayo ni mizunguko 61 kwa dakika. Ngoma ikizunguka kwa kasi inayozidi hapo, nguo hazianguki tena, na kufua kunakoma. Kwa hiyo wakati wa kufua mashine huzunguka polepole, mizunguko 50 hivi kwa dakika, na huwa inasimama na kubadili upande ili nguo zisijisokote.

Wakati wa kukamua mambo hugeuka. Ngoma huzunguka mara 800, 1000, 1200 au 1400 kwa dakika. Katika mizunguko 1000 mchapuko hufikia mara 270 hivi ya ule wa graviti. Katika mizunguko 1400 hufikia mara 525. Nguo huzuiwa na ukuta, lakini maji hayana kizuizi penye matundu, nayo hutoka.

Hapa ndipo mnunuzi anapopotezwa na maneno ya dukani. Mashine ya mizunguko 1400 huuzwa ghali kuliko ya 1000, na mchapuko wake ni karibu mara mbili. Hata hivyo maji yanayobaki ndani ya nyuzi za pamba hayapungui kwa nusu: kwa kilo 5 za nguo, tofauti baina ya mashine hizo mbili haifiki hata lita moja. Katika nchi za baridi ambako nguo hukaushwa kwa umeme, tofauti hiyo ina thamani. Penye jua la Dodoma au upepo wa Tanga, lita hiyo huondoka kambani bila malipo. Mizunguko 1000 yatosha; asemaye vinginevyo na aeleze kwanza nguo zitaanikwa wapi. Bweni lisilo na nafasi ya kuanika msimu wa masika laweza kuwa na hoja.

Mzigo usiolingana

Nguo hazijipangi sawasawa ndani ya ngoma. Nusu kilo tu ya nguo iliyozidi upande mmoja, katika mizunguko 1000, huvuta mhimili kwa kani ya nyutoni 1300 hivi, sawa na uzito wa kilo 134, na mvuto huo hubadili mwelekeo mara 16 na zaidi kwa kila sekunde. Mashine ya kwanza ya nyumbani ya aina hii iliyojiendesha yenyewe, iliyotolewa na kampuni ya Bendix huko Marekani mwaka 1937, ilibidi ifungwe kwa bolti sakafuni. Mashine za leo huning'iniza pipa la nje kwa springi, hulishikilia kwa shokapu kama za gari, na huliongezea uzito kwa vipande vya zege. Hivyo mashine nyepesi si lazima iwe bora. Huenda imepunguziwa zege.

Kiwandani pipa hufungwa kwa bolti ndefu ili lisigonge njiani. Bolti hizo hutolewa kabla ya kuwasha mashine mara ya kwanza, na yafaa zihifadhiwe. Wapo waliowasha bila kuzitoa, mashine ikatembea chumbani kama mbuzi aliyekata kamba.

Mahali mashine inapofia

Mafundi wengi watakubali kwamba ugonjwa mkubwa wa mashine hii umo nyuma ya ngoma, asikoona mnunuzi. Ngoma imeshikwa upande mmoja tu, kwa mhimili unaopita katika beringi mbili. Mbele ya beringi hizo pana mpira wa kuzuia maji. Mpira ukilika, maji ya sabuni huingia, grisi huoshwa, kutu huanza, na mashine hunguruma kama gari lililobeba kokoto. Beringi zenyewe si ghali. Swali ni kama zinaweza kufikiwa. Katika mashine nyingine nusu mbili za pipa la nje zimefungwa kwa skrubu, na fundi hulifungua. Katika nyingine, hasa miongoni mwa zile za bei nafuu, nusu hizo zimeunganishwa kwa kuyeyushwa plastiki, na kuharibika kwa beringi humaanisha kununua pipa zima pamoja na ngoma yake. Gharama hiyo yaweza kukaribia bei ya mashine. Swali la kwanza la mnunuzi, kabla ya rangi na idadi ya vitufe, liwe hilo: je, pipa lafunguka? Muuzaji asipojua, fundi wa mtaani anayetengeneza mashine za aina hiyo atajua.

Karibu na hapo pana kiungo cha mikono mitatu kinachoshika ngoma kwenye mhimili. Ngoma ni ya chuma kisichoshika kutu, lakini kiungo hicho mara nyingi ni cha alumini. Mwanafunzi wa kemia atatambua mara moja kilichopo: metali mbili tofauti zinazogusana ndani ya maji yenye chumvi na alikali. Hiyo ni seli ya umeme, na alumini ndiyo inayoliwa. Sabuni iliyozidi, ambayo hukwama nyuma ya ngoma bila kusuuzwa, huharakisha ulaji huo mpaka mkono mmoja ukatike.

Kuhusu mota, ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ina brashi za kaboni na huizungusha ngoma kwa mkanda. Ina kelele, na brashi zake huisha baada ya miaka kadhaa, ila ni rahisi kubadili. Ya pili haina brashi, na huendeshwa na kibao cha elektroniki kinachobadili masafa ya umeme. Ni tulivu na haili umeme ovyo, na mota yenyewe hudumu. Lakini penye umeme unaopanda na kushuka ghafla, kibao ndicho kinachoungua, na bei yake huumiza. Anayenunua aina hii na atenge pia fedha za kifaa cha kulinda volti. Waya wa ardhini ni sharti kwa mashine zote mbili, kwa kuwa maji na umeme vimo katika sanduku moja la bati.

Maji, joto na sabuni

Vijitabu vya mashine nyingi hutaka kanieneo ya maji isiyopungua kilopaskali 50 hivi, ingawa zipo zinazoridhika na pungufu. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa kilopaskali 9.8; basi tangi lililo mita 3 juu ya mashine hutoa 29 tu. Mashine hungoja, hukata tamaa, na kuonyesha alama ya hitilafu, nayo ni nzima. Tiba ni kuinua tangi au kufunga pampu ndogo. Nyumba isiyoweza lolote kati ya hayo, au ambayo maji hufika kwa ndoo, itahudumiwa vizuri zaidi na mashine ya mapipa mawili yenye milango ya juu, ambayo hujazwa kwa mkono na ni rahisi kuitengeneza.

Sehemu kubwa ya umeme katika kufua kwa maji ya moto haiendi kwenye mota bali kwenye kupasha maji. Lita 15 za maji, kutoka nyuzi 25 hadi 60 za Selsiasi, huhitaji kilojuli 2205, yaani uniti 0.61. Kuishia nyuzi 40 huhitaji uniti 0.26 tu. Nguo za kila siku hutakata kwa nyuzi 30 au 40. Joto la 60 liwekewe nepi na shuka za mgonjwa.

Maji ya visima vingi vya pwani, yatokayo katika miamba ya matumbawe, ni magumu. Yakipashwa joto, kalsiamu haidrojenikaboneti iliyomo huvunjika na kuacha kalsiamu kaboneti juu ya kipasha joto, ukoko uleule uonekanao ndani ya birika. Asidi ya sitriki huuyeyusha. Sabuni nayo ichaguliwe: ya unga iliyotengenezwa kwa kufulia kwa mkono hutoa povu jingi, na povu ni kama mto wa kulalia, nguo huangukia juu yake bila kujipiga.

Mashine zilizokwisha tumika

Mashine nyingi za mitumba hutoka Ulaya. Volti zake hulingana na za Afrika Mashariki; za Marekani, zilizoundwa kwa volti 120, na za Japani, kwa volti 100, hazifai bila transfoma kubwa. Lebo ya nishati ya Ulaya isomwe kwa uangalifu: mwaka 2021 vipimo vyake vilipangwa upya, kutoka A hadi G, hivyo A+++ ya zamani na A ya sasa si kitu kimoja. Tangu mwaka huo sheria za huko huwataka watengenezaji kuweka vipuri muhimu kwa miaka isiyopungua 10, jambo linalomfaa hata mnunuzi wa mbali, iwapo jina la modeli halijafutika kwenye kibandiko cha mlangoni.

Kabla ya kulipa, mashine ikiwa imechomolewa, mlango ufunguliwe na ukingo wa ngoma usukumwe juu na chini. Ngoma ikicheza peke yake bila pipa la nje kufuata, beringi zimekwisha. Kisha izungushwe kwa mkono na sikio litege. Nyuma ya mashine, michirizi ya kutu chini ya gurudumu la mkanda ni ushahidi wa mpira uliolika. Mashine iliyosafirishwa bila bolti zake ikaguliwe springi na shokapu. Mwishowe na iwashwe mbele ya mnunuzi, ijaze maji, ipashe joto, imwage na ikamue; muuzaji asemaye kwamba hapa hapana maji amekwisha jibu.

Mazoezi

1. Jaza ndoo ya lita 10 kwa bomba la nyumbani na upime muda. Pima pia kimo cha tangi juu ya bomba, kisha kadiria kanieneo. Je, mashine inayotaka kilopaskali 50 ingeridhika?

2. Kipasha joto cha wati 2000 kimeundwa kwa volti 230. Volti zikishuka hadi 180, nguvu yake itakuwa wati ngapi, na lita 15 zitachukua dakika ngapi kupanda kutoka nyuzi 25 hadi 60?

3. Ngoma ya mashine ndogo ina kipenyo cha sentimita 40. Tafuta kasi ambayo nguo zake zitaacha kuanguka, na ueleze kwa nini ni kubwa kuliko 61.