Satelaiti, Maabara na Malisho ya Kinna: Nafasi ya Kiswahili katika Ubia wa Utafiti wa Kijeshi

Makala haya yanadai kwamba ubia wa utafiti baina ya jeshi, viwanda na vyuo vikuu haukamiliki pasipo lugha ya kuyafikisha matokeo kwa walengwa. Mfano wetu ni Homa ya Bonde la Ufa, na walengwa ni wafugaji wa Kinna, Garbatulla, katika Kaunti ya Isiolo.

Virusi vya homa hii vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, kutoka shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Baadaye Jeshi la Marekani lilivitafiti kwa miongo mingi. Chanjo ya MP-12 ilibuniwa na watafiti wa jeshi hilo miaka ya 1980, kisha ikaendelezwa katika Chuo Kikuu cha Texas. Chanjo ya mifugo hutengenezwa nchini Kenya na KEVEVAPI, shirika la serikali. Mwaka 1999, Kenneth Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao walionyesha katika jarida la Science kwamba joto la bahari na picha za satelaiti zinazoonyesha uoto huweza kuashiria mlipuko hadi miezi 5 kabla.

Mfumo huo, ulioendelezwa na NASA na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulitoa tahadhari kabla ya ugonjwa kugunduliwa Garissa mnamo Desemba 2006. Hata hivyo, kufikia Machi 2007 wagonjwa 684 walikuwa wameripotiwa Kenya, na zaidi ya 150 walifariki. Uchanjaji wa mifugo ulianza ugonjwa ukiwa umekwisha kuzuka. Mapema mwaka 2021 ugonjwa ulithibitishwa tena, safari hii Isiolo kwenyewe.

Sababu za kuchelewa ni nyingi, zikiwamo fedha na barabara. Mwanaisimu anahusika na moja: istilahi. Kwanza, jina "Homa ya Bonde la Ufa" lamwelekeza mfugaji wa Kinna mbali na kwake. Pili, "homa" hutaja dalili ya binadamu, ilhali dalili ya awali ni mifugo kutupa mimba. Wasomali wa kaskazini mashariki huuita "sandik", yaani pua itokayo damu. Jina hilo humwonyesha mchungaji la kutazama. Tatu, "utabiri" hudokeza jambo la hakika, ilhali satelaiti hutoa uwezekano tu. Mvua isipofuatwa na ugonjwa, anayeaminiwa kidogo msimu ujao ni mtaalamu.

Tunapendekeza tahadhari itungwe kwa vitenzi na dalili: "Mvua ikizidi, mbu wakiongezeka na mbuzi wakitupa mimba, usichinje, usishike kijusi kwa mikono mitupu, chemsha maziwa, mwarifu daktari wa mifugo." Kauli kama hiyo hufasirika kwa wepesi katika Kiborana, lugha ya nyumbani Kinna. Kiswahili hapa ni daraja baina ya daktari na mzee wa boma. Hakichukui nafasi ya lugha ya mzee.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili zidai kiti katika ubia huu tangu utafiti unapopangwa, badala ya kuitwa mwishoni kutafsiri mabango.