Mchagua Jembe Si Mkulima

*Mimi ni kijana wa Tanga, natunga na kuimba taarabu ya kisasa na bongo fleva. Nimechoka kulipia studio, nataka kurekodi nyumbani. Nina laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Rafiki yangu prodyuza ana flashi yenye programu zote za ngoma na kinanda, za kreki, ananiuzia kwa shilingi 20,000. Mwingine ananiambia nisiponunua maktaba kubwa ya ngoma nitatoa biti za kitoto. Mama amekubali kunikopea 500,000 kwenye kikoba chake, kikao ni Jumamosi. Kila siku napakua programu mpya, naijaribu, naifuta. Nyimbo zangu tisa zote zimeishia njiani. Nichague ipi? – S.K., Tanga*

S.K. mwanangu. Kwanza hongera. Kijana anayeuliza kabla ya kutumia hela ya mamaye ana akili timamu. Wenzako wengi huniandikia deni likishaiva.

Tatizo lenyewe

Umeniuliza uchague programu ipi, lakini barua yako imenieleza jingine: nyimbo tisa, na hakuna hata mmoja uliokwisha. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Simaanishi kwamba wewe ni mvivu. Naona wimbo ukifika pagumu, pale kiitikio kinapokataa kukaa, unasema sauti ya ngoma ndiyo mbaya, unakwenda kupakua nyingine. Kupakua kunakupa nafuu ya jioni moja. Asubuhi kiitikio kiko palepale.

Kwa hiyo nitakuchagulia vifaa, lakini kwa kipimo changu: kile ambacho mashine yako inakibeba na kinachokuacha umalize wimbo.

Mashine yako inaweza nini

Huyo anayekusukuma kwenye maktaba kubwa hajaiona laptopu yako. Superior Drummer 3, kwa mfano, ni kazi safi ya watu wa Toontrack, lakini sauti zake zote zinapita GB 200. Kwenye mashine yenye RAM ya GB 4 utakaa kusubiri ifunguke mpaka wimbo ukutoke kichwani. Tena ngoma zilizomo ni dramu seti, zilizopigwa kwenye studio ya Ubelgiji. Dumbaki na tari za kwenu hutazikuta humo kwa ladha unayoitaka.

Kwa kurekodi, chukua Reaper. Ni nyepesi, inakupa siku 60 za kuijaribu bila kufungiwa kitu, na baada ya hapo leseni yake nafuu ni dola 60 kwa mtu wa kipato kama chako. FL Studio ya Wabelgiji nayo ni nzuri, na maprodyuza wengi wa kwetu wamekulia humo. Ukiinunua unapewa matoleo mapya maisha yako yote. Ila ujue mtego wa toleo lake la majaribio: kazi utaihifadhi, lakini ukiifunga huifungui tena mpaka ulipie. Mtu mwenye viporo tisa hahitaji cha kumi kilichotiwa kufuli.

Na jambo moja linalowasumbua wengi: ukibonyeza kinanda sauti ikachelewa kutoka, usikimbilie kulaumu programu. Weka ASIO4ALL, dereva ya sauti ya bure, kisha punguza bafa, yaani fungu la sauti ambalo mashine hulikusanya kabla ya kulitoa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 peke yake inakuchelewesha kama milisekunde 23, na ya 256 kama 6 tu. Wakati wa kurekodi iwe ndogo. Wakati wa kumiksi iongeze, mashine ipumue.

Ngoma

Kwa bongo fleva yenye dramu za kawaida, MT Power Drum Kit 2 ni ya bure, na inakuja na midundo ya kuanzia. Hiyo inatosha.

Kwa taarabu, rekodi za kwako. Mwombe mpiga dumbaki unayemfahamu akupigie pigo mojamoja: zito la katikati, kali la ukingoni, la kuziba kwa kiganja, kila moja kwa nguvu tatu tofauti. Simu nzuri ndani ya chumba chenye godoro na nguo itakufaa kwa kuanzia. Kata kila pigo, uliingize kwenye ReaSamplOmatic5000, iliyomo ndani ya Reaper yenyewe. Na huyo mpigaji mlipe, japo kidogo, na mkubaliane mapema kwamba sauti zake utazitumia kwenye nyimbo za kuuza. Makubaliano ya mdomo huharibika siku wimbo unapovuma.

Kinanda

Mbili tu, zote za bure. Ya kwanza Dexed, inayoiga sauti za kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983: kengele, piano za umeme, besi kavu, na haielemei mashine. Ya pili Surge XT, kwa zile sauti pana za kujaza nyuma. Surge ina faida nyingine kwako. Inasoma mafaili ya kubadili tyuni, kwa hiyo ukitaka makamu za Kiarabu kama rasti au bayati, zenye sauti zinazokaa katikati ya vibonye viwili vya kinanda, utazipata. Watu hununua vibodi vya bei mbaya kutafuta jambo hilo.

Flashi ya rafiki

Hapa sikubembelezi. Usiinunue.

Laptopu hiyohiyo ndiyo yenye barua pepe yako na nywila za akaunti utakazopandishia nyimbo. Aliyevunja kufuli ya programu hukumwona, wala hujui ameacha nini ndani. Zipo programu za kreki zinazobeba virusi vya kuiba nywila, na akaunti ikishaibwa, kuthibitisha kwamba ni yako kunaweza kuwa kazi ya miezi. Tena siku Windows itakapojisasisha na programu hiyo ikagoma, huna wa kumlalamikia, na wimbo ulioujenga juu yake unapoteza sauti zake.

Halafu kuna haya. Kesho utakwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili tungo zako, ukiitegemea sheria ya mwaka 1999 ikulinde dhidi ya wanaokula jasho lako. Utasimamaje hapo na jasho la mwenzio mfukoni? Rafiki yako simwiti mwizi, huenda naye aliuziwa hivyohivyo. Mshukuru, mwambie umepata za bure, urafiki ubaki.

Mkopo wa mama

Kukopa harusi, kulipa matanga. Programu haizalishi hela mwezi wa kwanza, ila rejesho la kikoba linadaiwa mwezi wa kwanza. Ukikwama, atakayesimama mbele ya wanachama wenzake ni mama, na jina lake pale ndilo bima yake siku ya msiba na ya ugonjwa. Usiliweke rehani kwa ngoma ambazo hujajua kama unazihitaji. Mwambie mama asikope, na umwambie kabla ya Jumamosi.

Ukipata vibarua, hela ya kwanza nunua hedifoni za kufunika masikio. Ya pili, leseni ya Reaper, kwa kuwa siku 60 ni za kujaribu na mwenye programu amekuamini.

Fanya hivi

Futa vyote ulivyopakua, ubaki na hivyo nilivyokuchagulia. Kati ya nyimbo tisa, chukua ule ulio karibu zaidi kwisha, si ule unaoupenda zaidi. Ujipe wiki mbili. Katika wiki hizo ni marufuku kupakua kitu. Kiitikio kikikataa, badili maneno, badili mwendo, mwite mwenzio akusikilize, lakini usibadili programu. Wimbo utoke hata ukiwa na kasoro, watu wausikie, kisha uingie wa pili, na wa tatu.

Nyimbo tatu zikishatoka, na ukaona bado kuna jambo ulilolihitaji vifaa hivi vikashindwa kukupa, niandikie ulitaje jambo hilo moja. Hapo tutazungumza habari ya kununua.