SOMO: MAMA MWILU NA NGUO ZA DORKA

Kusoma: Matendo ya Mitume 9:36-42



Kila mwaka, tarehe 27 Aprili, tunakumbuka Mama Mwilu Marie, mke wa Papa Simon Kimbangu, aliyelala siku hiyo katika mwaka wa 1959. Tunaimba, tunavaa vizuri, tunatembea nyuma ya fanfare. Ni vema. Lakini tuulizane: mtu aliyetumikia wengine anaheshimiwa namna gani?

1. Kule Yopa

Dorka alipokufa, wajane hawakumweleza Petro cheo chake wala ukoo wake. Walilia na kumwonyesha nguo alizowashonea. Ushuhuda wao ulikuwa mikononi mwao.

2. Kule Nkamba

Kazi ilianza tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba Papa alikamatwa, na tarehe 3 Oktoba akahukumiwa kifo kule Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo. Mfalme wa Wabelgiji aligeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Papa alipelekwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani miaka 30 mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951.

Siku ya kukamatwa, wana wao watatu walikuwa bado wadogo: Kisolokele miaka 7, Dialungana 5, Diangienda 3. Kusali kwetu kulikatazwa. Waamini wengi walihamishwa mbali, wengine hata Lowa, kando ya mto Lualaba. Nani alichunga waliobaki? Ni mama huyu. Wakubwa wa koloni walimchungulia, lakini watu walimfikia kwa siri kutafuta shauri na maombi, naye akalinda moto usizimike. Alifanya hivyo miaka 38, bila ofisi, bila mshahara, bila kiti cha mbele.

Sasa angalieni tarehe. Alilala Aprili 1959. Serikali ilitambua Kanisa tarehe 24 Desemba ya mwaka uleule, karibu miezi 8 nyuma ya kifo chake. Mwili wa mume wake ulirudishwa Nkamba Aprili 1960. Hakuona hata moja. Basi nguo aliyoshona Mama Mwilu ni hii: siku karatasi ya serikali ilipofika, kulikuwa na Kanisa la kuipokea.

3. Kwetu sisi

Niungame jambo moja. Katika parokia yetu mama mmoja mjane alifagia hekalu miaka mingi, alichota maji, alikesha na wagonjwa. Alipokufa, mimi shemasi nilishika daftari ya michango. Tulinunua sanduku la bei, tulishona vitenge vya namna moja, watu walikula siku tatu. Wiki mbili baadaye mtoto wake wa mwisho alifukuzwa masomoni kwa kukosa pesa, na daftari yangu ilikuwa imekwisha kufungwa. Nilipata haya. Tena nilikumbuka kwamba wakati wa uhai wake sikumwambia asante hata siku moja.

Tulifungua daftari upya. Mtoto alirudi masomoni. Lakini ile asante haina tena mtu wa kuipokea.

Wapendwa, sanduku zuri si zambi, na nyimbo si bure. Lakini marehemu hana njaa; watoto wake ndio wenye njaa. Tunafundishwa Upendo, Amri na Kazi. Mama aliyefanya kazi anaheshimiwa kwa kazi: mtu mmoja ashike ufagio wake, mwingine ashike ndoo yake, mwingine amlee mtoto wake.

Maulizo ya kujibu pamoja katika vikundi:

1. Mama gani anatumikia parokia yetu bila kuonekana? Nani atamwambia asante juma hili, akingali mzima?

2. Katika kilio cha mwisho, tulitoa kiasi gani kwa chakula, na kiasi gani kwa yatima?

3. Siku yangu ikifika, wajane wataonyesha nguo gani?

Bwana atupe mikono kama ile ya Dorka na moyo kama ule wa Mama Mwilu. Amina.