Spana bado yumo daftarini

Kaka yangu Spana wa Magomeni Mapipa,

Barua yako nimeisoma yote, pamoja na ule mstari uliouchomeka chini kabisa, baada ya kuaga na kuweka sahihi. Huo nitaufikia. Kwanza nirudie uliyoniambia, ili wasomaji wengine nao wavute viti wakae nasi.

Kwa miaka 11 wewe na mafundi wenzako wa gereji mmekula mchana kwa mama mmoja pale nyuma ya kituo. Wali maharage siku za kawaida, samaki wa kukaanga siku ya malipo, mchicha wa nazi, na pilipili ya kusaga ambayo mama aliiweka karibu na yeye ili msiimalize. Mwezi Machi mkakuta kufuli mlangoni. Mkajua ana msiba, mkasubiri. Baada ya wiki mbili wakaja watu wa rangi, na leo kwenye fremu ileile kijana anauza chipsi kuku, taa za rangi, muziki juu, bei zimebandikwa ukutani. Umeapa hutakanyaga pale. Umewataka wenzako nao wagome. Wawili wamekufuata, waliobaki wanakucheka kwamba mwanamume mzima unalilia banda. Unaniuliza kama una haki ya kumchukia yule kijana, au akili zimeanza kukuruka.

Akili zako ziko sawasawa. Umeandika kwamba wiki uliyorudi kutoka Korogwe kumzika mama yako mzazi, yule mama hakukupa pole ya maneno mengi. Alikuwekea sahani mbele yako, juu ya wali kukiwa na kipande cha samaki ambacho hukuagiza, na kipande hicho hakukiandika popote. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akachambua mchele mpaka ulipomaliza kula. Mtu wa namna hiyo akitoweka bila kuaga, inauma, na ina haki ya kuuma. Waambie wanaokucheka kwamba nimesema hivyo.

Ila kwa huyu kijana, Spana, sikuungi mkono. Umeandika kwamba "amemtoa mama". Nani kakwambia? Fremu za mjini kwetu unajua zinavyokwenda. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Mama ntilie anaingiza hela sahani kwa sahani, na jioni sehemu kubwa inarudi sokoni kununua mchele na maharage ya kesho. Siku ya kodi ikifika anatakiwa ashike fungu ambalo biashara yake haijapata kulishika kwa siku moja. Wengi wanafungia hapo. Kijana anakuja baadaye, anakuta fremu tupu. Au anakuja mapema akiwa na kilemba mkononi, wanakaa na mama, wanapatana, mama anachukua hela yake na sufuria zake anaondoka. Kama ni hivyo, mama hakutolewa na mtu. Aliuza nafasi yake, na namwombea iwe aliiuza vizuri.

Kuna na mikopo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ikasimamishwa, ikarudi 2024. Katikati hapo, akina mama wenye jiko la kulisha watu kila siku walikopa wapi? Walikwenda kwa wale tunaowaita kausha damu, ambao ukichelewa marejesho wanakuja na toroli kuchukua meza. Sijui kama mama yenu yalimkuta hayo. Nakutajia kwa sababu kufuli la ghafla, bila neno kwa wateja wa miaka 11, mara nyingi linafungwa na mtu mwenye aibu. Umelichukua kama dharau aliyowafanyia. Ningekuwa wewe, ningelisoma kwa upole zaidi.

Halafu kuna habari ya bei. Umenisimulia, kwa fahari kidogo, jinsi mlivyombana mama alipotaka kupandisha wali maharage kutoka 2,000 hadi 2,500, mkanuna wiki nzima mpaka akarudisha. Mlishinda. Sasa niambie, mafuta ya kula yalipopaa mwaka 2022, samaki wenu walikaangwa na nini? Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, chai yenu iliuzwaje? Mkaa nao bei yake unaijua. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mimi naliunga mkono hilo kwa ajili ya mapafu ya akina mama hawa. Lakini maharage ya watu hamsini yanataka saa nyingi motoni, na gesi ya kuyaivisha inanunuliwa na mama huyohuyo aliyezuiwa kuongeza 500. Kila kilichopanda alikibeba yeye, ili nyie msipandishiwe. Sisemi haya kukuumiza. Najua mfuko wako nao ulikuwa umekaza, na fundi analipwa gari likipona. Lakini tukianza kuwapanga waliomlemea mama, kijana wa kuku yuko mbali sana nyuma ya foleni.

Unasema pia kwamba Magomeni yenu imekufa. Hapa nitakusumbua kidogo. Umeandika mwenyewe kwamba mama hakuanzia kwenye ile fremu. Alianzia pembeni ya barabara, chini ya turubai, na aliingia ndani Oktoba 2021, wakati wafanyabiashara wadogo walipoondolewa barabarani Dar es Salaam nzima. Kabla yake, unasema, pale palikuwa na fundi cherehani aliyekushonea suruali ya shule. Fundi yule alikwenda wapi? Hukuniandikia barua juu yake. Siku mama alipoingia na masufuria yake, kuna mzee wa mtaani alipita, akaangalia mlango wa fundi wake, akasonya.

Jiji letu limekuwa likifanya hivi tangu zamani. Mwaka 1983, wakati wa operesheni ya Nguvu Kazi, akina mama wa vyakula waliokosa vibali walikimbizwa mjini kama wazururaji, na baada ya muda wakarudi, kwa sababu watu wa kazi za mikono lazima wale mchana. Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kwa ajili ya mwendokasi, uliokuja kuanza safari Mei 2016, vibanda vingapi vya chai viliondoka kati ya Kimara na Jangwani? Magomeni Kota wakazi walihamishwa, nyumba zikavunjwa, pakakaa pori miaka mingi, na Machi 2022 yakazinduliwa maghorofa ya kaya 644. Wapo waliorudi, na wanataka kula. Magomeni inabadilisha wapishi, Spana. Kila inapobadilisha kuna mtu anaumia, na safari hii zamu imekufikia wewe.

Lakini angalia jambo moja ambalo umeliandika na hukulisikia. Mama alipotoka chini ya turubai kwenda kwenye fremu, wewe ulimfuata. Unasema siku ile mlimbebea mabenchi. Hukulilia turubai, hukumchukia aliyeegesha bajaji pale lilipokuwa. Ulijua kwamba chakula chako kiko kwa mama, popote atakapoweka mafiga. Sasa safari hii kimekuzuia nini kumfuata?

Ndiyo tunafika kwenye ule mstari wa chini. "Halafu mama alikuwa ananidai 34,000."

Kurasa mbili umeandika juu ya kijana, muziki, rangi za ukuta na kufa kwa Magomeni. Deni umelitengea mstari mmoja, baada ya sahihi, kwa kalamu ya rangi nyingine. Nadhani hapo ndipo panapokuuma. Ulikula kwa daftari mwezi mbaya, ukasema mwisho wa mwezi nitalipa, mwisho wa mwezi ukakuta kufuli. Kila unapopita mbele ya lile duka la kuku unakumbuka, na kumkasirikia kijana ni rahisi kuliko kukumbuka. Usione haya mbele yangu. Mafundi, makondakta, walimu wa shule za jirani, wote wamo kwenye madaftari ya akina mama hawa. Mama anajua nani atalipa Ijumaa na nani atabadilisha njia asionekane, na bado anapakua.

Umenieleza hata daftari lenyewe: la shule, lenye tebo za kuzidisha nyuma, limelowa mafuta pembeni, na humo hamna jina la mtu hata moja. Kuna Kofia, kuna Baba Mapacha, kuna Mrefu wa Rangi, na wewe ni Spana. Alikuandika hivyo kwa kuwa hakulijua jina lako. Na wewe barua nzima umemwita "mama", hukunitajia jina lake wala la mwanawe wa kwanza, nikajua kwamba huna. Miaka 11, kaka yangu! Mlikuwa mnapendana, lakini hamkuwahi kupeana namba za simu.

Kwa hiyo kazi yako ni kumtafuta. Na pa kuanzia ni palepale ulipoapa hutakanyaga. Anayechukua fremu ya mtu mara nyingi anabaki na namba yake: kuna kilemba kilicholipwa nusu, kuna mtu wa maji anayekuja kuuliza, kuna mita ya umeme ya kukabidhiana. Ingia saa ya wateja wachache, agiza chipsi, lipa taslimu, kula. Kisha msalimie kijana vizuri umwulize mama yuko wapi. Utakuta ana miaka ishirini na kitu, mikono ina alama za mafuta ya moto, na anasinzia akiwa amesimama, kwa sababu naye kodi yake inamngoja. Mgomo wako unamla mtu ambaye hakukukosea. Ufute, na uwaambie wale wawili waliokufuata kwamba umeufuta.

Kama kijana hana namba, mtafute yule binti aliyekuwa akiosha vyombo. Mabinti wa kazi wanahamia jiko la jirani, hawaendi mbali. Mwulize muuza mkaa, yeye anajua kila jiko lilipohamia kuliko serikali ya mtaa. Waulize akina mama wa kikoba chake. Nenda Jumapili, ukiwa umeoga, bila ovaroli.

Ukimpata, toa hela kwanza. Usianze na hotuba ya jinsi ulivyoumia, maana atalazimika kukubembeleza wewe, na alishakubembeleza vya kutosha. Na nakuomba sana usimwambie arudi. Huenda amefungua Kigogo au Mbagala na mambo yake ni mazuri. Huenda pia amepumzika. Mwanamke anayewahi samaki Feri kabla adhana ya alfajiri haijatoka, aliyesimama juu ya moto mpaka saa tisa mchana, kisha akaosha masufuria na kuloweka maharage ya kesho, ana haki ya kulala mpaka jua litoke. Njaa yenu ya saa saba isimrudishe jikoni kama magoti yamekataa. Muulize jina lake. Mwambie lako.

Akiikataa hela, akasema ilishapita, usishindane naye. Kama anapika, walipie watu walioketi mezani kwake siku hiyo mpaka fungu liishe. Na kama utaambiwa alitangulia mbele ya haki, lile kufuli likawa ni msiba kweli, usirudi nyumbani na hela mfukoni. Unajua makaburini msemaji wa familia anavyotangaza kwamba anayedai au kudaiwa na marehemu awaone ndugu. Hukuwepo kulisikia tangazo hilo; lisikie kwangu, uende kwa wanawe.

Ukipata namba tu, na mama yuko mkoani huwezi kumfikia, basi tuma 34,000 kamili, uweke na ya kutolea, halafu umpigie.