Nywele za Mtoto na Bakteria za Matumboni

Likizo ya Desemba nilimsaidia shangazi yangu kuuza dagaa na karanga katika soko la Owino. Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa pamoja nasi. Nywele zake zilikuwa chache, zenye rangi ya kutu, na ukizishika zilitoka mkononi naye hata halii. Shangazi alikwisha kununua mafuta ya nywele mara tatu. Mama mmoja mzee, jirani wa meza yetu, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole. Shimo likabaki pale pale.

"Mwanangu," akaniambia, "huu ni obwosi. Acheni mafuta, mpelekeni Mulago."

Wasomaji wapenzi, obwosi ni jina la Kiganda la kwashiakoo, ugonjwa ulioelezwa na Daktari Cicely Williams mwaka 1933 katika Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Hapa Kampala Daktari Hugh Trowell aliuchunguza kwa miaka mingi. Unywele hujengwa kwa protini. Chakula kikipungua, mwili huziacha nywele kwanza, maana mtu aweza kuishi bila nywele, lakini si bila moyo.

Lakini mbona pacha wawili hula chungu kimoja, na mmoja tu akaugua? Wataalamu walifuata jozi 317 za pacha huko Malawi. Walichukua bakteria kutoka matumbo ya pacha mgonjwa na ya mwenzake mzima, wakawapa panya wasio na bakteria zo zote, kisha wakawalisha chakula cha Kimalawi. Panya waliopata bakteria za mgonjwa walikonda sana. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2013. Basi chakula haba na bakteria mbaya husaidiana. Tena mwaka 2017 wataalamu wa Japani walionyesha kuwa panya walionyimwa vitamini iitwayo biotini, na bakteria zao zikavurugwa kwa dawa, walinyonyoka manyoya.

Huko Mulago, katika kitengo cha Mwanamugimu, shangazi alifundishwa kupika kitobero: ndizi, maharagwe, karanga na dagaa pamoja. Dagaa na karanga! Vitu alivyokuwa akiwauzia watu kutwa nzima.

Niliporudi shule mwezi wa Februari, nywele za mtoto zilikuwa nyeusi kwenye shina na za kutu kwenye ncha, kama bendera. Chupa ya tatu ya mafuta shangazi anajipaka mwenyewe.