Wadogo Zangu, Karura Ni Yenu

Wadogo zangu, kila ninapoutaja msitu wa Karura kwenye kona hii, majibu yenu ni yale yale: "Dada, kule ni kwa matajiri wa Muthaiga na Gigiri, watu wa mbwa na baiskeli za bei ghali." Wengine mmezaliwa Nairobi, mmepita Barabara ya Limuru mkielekea Ruaka au Banana tangu mkiwa shule ya msingi, mkaiona miti ile dirishani mwa matatu, na hamjawahi kushuka hata siku moja. Leo nataka mshuke.

Kwanza mjue msitu ule ulibakije. Una hekta 1,041, na umekuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Lakini kufika mwaka 1998 vipande vyake vilikuwa vimekwisha kugawiwa watu binafsi, miti ikaanza kuanguka ili majumba yajengwe. Aliyesimama kukataa ni mwanamke, Wangari Maathai, pamoja na wenzake wa Green Belt Movement. Silaha yao ilikuwa miche. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda kupanda mti, wakavamiwa na kundi la wanaume, naye akapasuliwa kichwa. Alifika kituo cha polisi damu ikimtiririka, akaandikisha taarifa yake na kuitia saini kwa damu hiyo. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na mwezi Agosti mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Sasa niambie, mdogo wangu, baada ya mama wa watu kupigwa hivyo ili miti ile ibaki mali ya umma, wewe unaogopa kuonekana langoni kwa sababu viatu vyako si vya duka kubwa?

Hofu ya usalama ni jambo jingine, na hiyo siidharau. Mama zetu walitukataza Karura wakiwa na sababu. Kulikuwa na wakati msitu ule ulitajwa tu palipotokea wizi au ulipookotwa mwili wa mtu. Mabadiliko yalianza mwaka 2009, wakazi walipounda chama cha Friends of Karura Forest na kushirikiana na Shirika la Misitu la Kenya. Uzio wa umeme uliwekwa, na walinzi wakaajiriwa, baadhi yao kutoka vijiji duni vinavyopakana na msitu, watu waliokuwa wakiutegemea kwa kuni. Siku hizi utawakuta wanawake wakikimbia peke yao asubuhi, na nikiwaona moyo wangu hufurahi kweli kweli.

Hata hivyo, mara ya kwanza usiende peke yako. Nenda na wenzako wawili au watatu. Mwachie mtu wa nyumbani ujumbe: nimeingia lango fulani, natarajia kutoka saa fulani. Kwenye makutano ya njia utaona vigingi vyenye namba. Kila unapofika kwenye kigingi, isome namba yake uikumbuke, kwa sababu njia za mle zinafanana sana na ukipotea namba hiyo ndiyo utakayomtajia mlinzi. Piga picha ya ramani iliyo langoni kabla hujaondoka hapo. Muziki wa masikioni uache, angalau sikio moja libaki wazi. Na hakikisha umetoka jua lingali juu, kwa maana chini ya miti giza huingia mapema kuliko barabarani.

Kisha kuna lile mnaloniandikia kwa faragha. Kijana mmefahamiana kwenye simu, hamjawahi kuonana, naye anapendekeza mkutane Karura "mtembee kidogo mjuane". Hapana. Hapana kabisa, wala usimtafutie maneno ya kumbembeleza. Mtu usiyemjua hukutana naye mahali penye watu na meza. Akiwa na nia njema atangoja, na msituni utampeleka siku utakapokuwa umejua anakoishi na marafiki zake wanamwitaje. Akikasirika kwa sababu umekataa njia za mitini, basi amekwisha kukuonyesha alivyo.

Kufika si kazi. Ukitumia lango la Barabara ya Limuru, panda matatu za Ruaka au Banana. La Barabara ya Kiambu liko karibu na makao makuu ya idara ya upelelezi wa jinai, DCI, na matatu za Kiambu zinapita hapo. Kiingilio hulipwa kwa simu, hivyo weka pesa kwenye M-Pesa kabla ya kutoka nyumbani, na ubebe kitambulisho, kwa kuwa raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko wageni.

Viatu: raba yoyote yenye soli ya meno inatosha. Msinunue viatu vya mlima kwa ajili ya Karura, pesa hiyo ina kazi nyingine. Ila udongo mwekundu wa kule ukinyeshewa huteleza vibaya, hasa mteremko wa kwenda kwenye maporomoko ya maji, kwa hiyo katika mvua za Aprili au Novemba subiri jua lipige siku moja au mbili. Mnaovaa buibui na sketi ndefu, mtatembea vizuri tu. Vaeni suruali ndani, mkunje pindo penye tope.

Maji yabebwe kwenye chupa ya chuma au ile ngumu ya kujazwa tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku kwenye maeneo yaliyohifadhiwa nchini, na chupa ya dukani inaweza kuzuiwa langoni. Chakula kikae begini hadi mfike mahali pa kupumzikia. Kima wa Karura hawana aibu, watakunyang'anya chapati mkononi. Usiwape hata punje, maana kima aliyezoea mkono wa mtu hugeuka mkorofi. Mbega weusi kwa weupe ni wapole zaidi, hukaa juu kabisa, nao walirudishwa msituni humo kwa makusudi baada ya kutoweka kwa miaka mingi. Mkiwasikia wakinguruma, simameni mtazame juu.

Njia ninayoipenda kuwaelekeza wageni ni ile ya mtoni, inayounganisha maporomoko na mapango. Kwenye mapango hayo walijificha wapiganaji wa Mau Mau, karibu kabisa na mitaa ya wakoloni waliokuwa wakiwasaka. Msipapite mbio mkitafuta picha. Ingieni, kaeni kidogo, mfikirie baridi ya usiku wa mwezi Julai bila blanketi wala moto.

Na kama siku zako zimefika, nenda tu. Vyoo vipo karibu na malango, kwa hiyo pitia pale kabla hujaanza, chagua mzunguko mfupi, beba pedi za kutosha na mfuko wa kurudishia taka. Kutembea polepole huwasaidia wengi wetu kupunguza maumivu ya tumbo. Ukiona leo mwili umekataa, keti kwenye nyasi uwasubiri wenzako, na asiwepo wa kukucheka.

Mkishazoea Karura mtaanza kuitamani milima ya Ngong. Huko ni mambo mengine: kilele kinafika mita 2,460, upepo ni ule unaozungusha mitambo ya umeme iliyosimama mgongoni mwa mlima, na mnatembea Bonde la Ufa likiwa upande mmoja, Nairobi upande wa pili. Hakuna uzio wa kuwazunguka. Nendeni kundi, na mlipie askari wa misitu awasindikize. Pesa hiyo mchangishane tangu Jumatano, isije ikaleta ubishi langoni. Vaeni koti la kuzuia upepo hata kama mji una jua kali. Matatu namba 111 itawafikisha Ngong mjini, kisha boda hadi langoni. Mkiamua kuvuka vilima vyote hadi Kona Baridi, ni zaidi ya kilomita 10 za kupanda na kushuka, hivyo mwe mmeanza kabla ya saa tatu asubuhi, na nauli ya kurudi kupitia Kiserian iwe imetengwa kando.